Kama vijiji vilileta shule, kosa lilikuwa wapi?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, lakini nilikuwa TP, na aliyewahi kwenda TP anajua. Ukimaliza kuandika andalio la somo, ukasahihisha madaftari ya mikondo miwili, na roho iko juu kwamba msimamizi kutoka chuo anaweza kuibuka siku ambayo huna zana za kufundishia, jioni huna hamu hata ya kushika kalamu. Nimerudi chuo wiki iliyopita. Bumu halijatoka, mjini hakuendeki, kwa hiyo nipo hosteli na leo nataka niandike kitu kirefu kidogo. Mwenye haraka aishie hapa, sitamlaumu.

Kuna swali niliulizwa darasani nimerudi nalo mpaka chuo. Ilikuwa Kidato cha Nne, vipindi viwili vya mfululizo, mada ni sera za nchi yetu baada ya uhuru. Nikaandika ubaoni kama tulivyofundishwa sisi wenyewe: mafanikio ya vijiji vya ujamaa, hoja tano, kasoro za vijiji vya ujamaa, hoja tano. Hoja ya nne ya kasoro ilisema "watu walihamishwa kwa nguvu". Watoto wakawa wananakili kimya kimya. Halafu kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, kama vijiji vilileta shule, zahanati na maji, kosa lilikuwa wapi? Kuna ubaya gani mtu kulazimishwa kitu chenye faida kwake? Mbona hata sisi tunalazimishwa kuja shule?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka ili nipate muda wa kufikiri. Nilimjibu kitu kuhusu haki za binadamu, maneno makubwa yasiyo na nyama, na kengele ikaniokoa. Ila yule kijana hakuridhika, nilimwona usoni. Na mimi sikuridhika.

Niliporudi nikamsimulia mwenzangu wa chumba, ambaye anasoma uchumi na humu ndani tumwite Mchumi. Tangu mwaka jana Mchumi amekuwa mlibertaria. Kwa ambao neno ni geni: walibertaria ni watu wanaoamini kwamba mtu mzima ndiye mwenye nafsi yake, jasho lake na mali aliyoipata kwa halali, na kwamba serikali ina kazi chache tu, yaani kulinda watu wasipigwe, wasiibiwe, wasitapeliwe, na kuhakikisha mikataba inaheshimiwa. Ikizidi hapo, hata kama nia ni njema, imeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Hawa si wapinga sheria. Wanachouliza kwa kila amri ni kwamba nani kakupa ruhusa ya kuniamulia.

Mchumi ana majina mawili haachi kuyataja. La kwanza ni Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria aliyeandika The Road to Serfdom mwaka 1944 akiwa Uingereza. Mwaka 1945 akaandika makala maarufu yenye hoja rahisi: ujuzi unaohitajika kuendesha uchumi haukai ofisi moja, umetawanyika vichwani mwa mamilioni ya watu, kila mmoja anajua kipande chake. Mpangaji aliyeko makao makuu hawezi kuukusanya wote hata awe na akili namna gani. Jina la pili ni Robert Nozick wa Marekani, ambaye kitabu chake Anarchy, State, and Utopia kilitoka mwaka 1974.

Hapo kwenye 1974 ndipo niliposhtuka. Wakati kile kitabu kinatoka kule Marekani, bibi yangu mzaa mama alikuwa anapandishwa kwenye lori, mkoani Shinyanga.

Kabla ya kurudi chuo nilipitia kwa bibi kumsalimia, nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza kabla, aibu kwa mtu anayesomea kufundisha historia. Anasema ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno. Walitangaziwa kwamba watu wote wahamie kijijini, kandokando ya barabara, na walipewa siku chache. Wengine walikwenda wenyewe. Babu alichelewa kwa sababu alikuwa anatafuta pa kuweka ng'ombe. Siku ya siku wakaja mgambo na viongozi, wakaezua paa la nyumba ili asirudi mtu kulala humo, vyombo vikapakiwa. Bibi alikuwa na mtoto mgongoni, ambaye ni mama yangu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa minyaa. Kule walikoshushwa palikuwa uwanja mtupu wenye vigingi vilivyopigwa kwa mstari. Wakalala nje.

Mahame yenyewe bado yapo. Hakuna nyumba wala ukuta, ila ile minyaa imekuwa miti mirefu, ukiiona kwa mbali unajua hapo watu waliwahi kuishi.

Sasa nirudi kwenye historia, maana bila kuipanga tutaishia kulia tu.

Kwa watu wa Usukuma, kuamriwa namna ya kuishi hakukuanza na TANU. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Lima kwa matuta, weka samadi, panda mihogo ya akiba, punguza mifugo. Nyingine zilikuwa shauri nzuri tu kitaalamu. Lakini zilikuja kama amri, na asiyezitimiza alitozwa faini au alifungwa. Watu walizichukia, na ile chuki ikawa mtaji mkubwa wa harakati za uhuru upande wa Ziwa. Wakoloni waliliona hilo, ndiyo maana TANU iliyoanzishwa Julai 1954 ilizuiwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa kuanzia mwishoni mwa mwaka huohuo mpaka 1958.

Watu haohao waliokataa matuta ya amri hawakuwa wavivu wala wabinafsi. Walikuwa wanalima pamba, walipoona wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wakajiunga wenyewe, wakaajiri wapimaji wao, na mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Lilikuja kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika katika bara zima. Naomba mliweke hilo akilini, nitalirudia.

Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Ujamaa Vijijini, na mwaka 1968 akatoa jingine, Uhuru na Maendeleo. Nimeyasoma yote mawili hapa maktaba. Mtu ambaye hakuambiwa mwandishi ni nani angeweza kudhani kuna sehemu zimeandikwa na Mchumi! Mwalimu anasema wazi kwamba mtu haendelezwi na mtu mwingine, anajiendeleza mwenyewe kwa kuamua na kutenda, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Viongozi wanaweza kueleza, kushawishi na kuonyesha mfano. Wakishindwa kushawishi, warudi wakaeleze tena.

Na mfano ulikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hata ya Azimio, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Mwanzo ulikuwa wa njaa na wengine walikata tamaa wakaondoka. Waliobaki wakajifunza. Vijiji vingine vikafuata, vikaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kiongozi wao Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, wakajenga shule yao yenye elimu inayolingana na maisha yao, wakawa na mashine ya kusaga na kiwanda kidogo cha mbao. Mambo yao waliyaamua mikutanoni wenyewe. Kufikia mwaka 1969 vilikuwa vijiji takriban 17. Mwalimu mwenyewe alivisifu.

Unajua kilichowapata? Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikaa na kukivunja kile chama. Mali zikachukuliwa, walimu na wataalamu wao wakatawanywa. Walikuwa wajamaa kweli kweli, kosa lao ni kwamba walikuwa hawasubiri maelekezo ya viongozi wa mkoa. Mimi niliposoma hii habari nilirudia ukurasa mara mbili. Miaka yote ya shule nilifundishwa vijiji vya ujamaa, jina la Litowa sikuwahi kulisikia.

Baada ya hapo ushawishi ukazidi kupungua na amri zikazidi kuongezeka. Zilikuwepo operesheni za mikoa, kama Dodoma na Kigoma. Huko Isimani, Iringa, siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, ambaye alihukumiwa kunyongwa. Mpaka mwaka 1973 waliokuwa kwenye vijiji vya ujamaa nchi nzima walikuwa takriban milioni 2 tu. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa si hiari, ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mwaka 1977 taarifa ikasema zaidi ya watu milioni 13 wanaishi kwenye vijiji zaidi ya 7,000. Kutoka milioni 2 hadi zaidi ya milioni 13 ndani ya miaka minne. Hebu fikirini wenyewe kama mnadhani watu wale walishawishiwa.

Hapa Hayek wa Mchumi anaingia vizuri sana, bora hata nikubali. Bibi anasema ile sehemu yao ya zamani ilikuwa na maana yake. Nyumba ilikaa mwinuko, majaruba ya mpunga yakiwa bondeni, dakika chache kwa miguu. Mpunga ukianza kukomaa watoto walikuwa wanawinga ndege asubuhi na jioni. Kijijini, majaruba yakawa mwendo wa saa mbili. Mtoto hawezi kwenda huko alfajiri na kurudi. Ndege wakala. Shamba la karibu na nyumba lilikuwa limelishwa samadi ya zizi kwa miaka, likaachwa, wakagawiwa ekari mahali ambapo hawakuijua ardhi yake. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Sasa ukizikusanya kaya 250 za wakulima na wafugaji mahali pamoja, lazima mashamba ya wengi yawe mbali na ng'ombe wote wamalize malisho ya jirani. Hilo halihitaji shahada. Bibi alilijua siku ile anateremka kwenye lori. Ila hakuna aliyemuuliza, na fomu ya afisa haikuwa na sehemu ya kujaza habari za ndege.

Kuna na ngitili. Wasukuma walikuwa na desturi ya kila familia au ukoo kufunga kipande cha malisho wakati wa masika ili nyasi zikue, halafu kukifungua kiangazi mifugo isife. Watu walipohamishwa, ngitili zikakosa mwenyewe. Miti ikaisha, ardhi ikabaki kipara. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baada ya kujaribu mambo mengine, mafanikio makubwa yakapatikana waliporudi kuwauliza wazee ngitili zilikuwa zinafanyaje kazi. Mamia ya maelfu ya hekta yakafufuka.

Msomi mmoja wa Marekani, James C. Scott, ambaye hata hakuwa mlibertaria, aliandika mwaka 1998 kitabu Seeing Like a State, chenye sura nzima kuhusu vijiji vyetu. Anasema serikali hupenda mpangilio unaosomeka vizuri ukiwa ofisini, nyumba kwenye mstari, watu wanaohesabika, halafu inachanganya kunyooka kwa mstari na maendeleo yenyewe. Nilikumbuka vile vigingi vya bibi.

Mpaka hapo Mchumi alikuwa anatabasamu tu kitandani kwake, kashinda. Lakini mimi nina maneno yangu.

Mama yangu alianza darasa la kwanza mwaka 1980, shule ikiwa dakika kumi kutoka nyumbani. Kabla ya kijiji shule ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu, na watoto wa kike ndio hawakwenda kabisa. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, ndiyo ile UPE, ambayo watu wakaigeuza kwa utani kuwa Ualimu Pasipo Elimu kwa sababu vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo mafupi wakaingizwa madarasani. Tucheke tu, lakini mwalimu wa UPE ndiye aliyemfundisha mama yangu kusoma. Leo mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nipo hapa chuo. Nikisema vijiji vilikuwa hasara tupu nitakuwa nakata tawi nililokalia.

Jambo la pili nililipata kwa bibi. Nilikuwa nimeshajiandaa aniambie jinsi alivyokuwa huru kule mahame. Akanicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, hata kule sikuchagua mimi. Babu yako alinileta pale, na yeye alionyeshwa na baba yake. Mimi niliulizwa lini?" Nilimwambia Mchumi: vitabu vyenu vinamwangalia sana afisa mlangoni, vinasahau kuangalia ndani ya nyumba. Mtu anaweza kuamuliwa maisha yake na serikali, na anaweza kuamuliwa na mume, na ukoo, na mwenye shamba kubwa. Huko Isimani kabla ya operesheni kulikuwa na wakulima wachache wenye mashamba makubwa na wengi waliokuwa vibarua wao. Mwalimu hakuota tu kwamba kuna unyonyaji, ulikuwepo. Anayetaka uhuru wa watu lazima ajibu na hilo. Mchumi alisema hajalifikiria vya kutosha, jambo ambalo kwake ni nadra.

Lakini naye akanirudishia, na hapa ndipo tulipokubaliana mpaka taa zikakatika. Alinifungulia sehemu ya mwisho ya kile kitabu cha Nozick. Kumbe jamaa anasema kwamba katika nchi huru watu wanaweza kuanzisha jumuiya za kila aina, hata za kijamaa kabisa, wakagawana kila kitu, ilimradi kuingia ni hiari na anayetaka kutoka anatoka. Nikamwambia, hiyo si Litowa? Watu waliingia wenyewe, waliochoka waliondoka, waliobaki wakajenga. Na ule ushirika wa pamba wa mwaka 1955 je? Hakuna aliyepelekwa na mgambo kujiunga.

Kwa hiyo ule ugomvi tuliozoea, kwamba ukitaka uhuru wa mtu binafsi unakuwa adui wa umoja, na ukitaka umoja lazima uubane uhuru, kwa historia yetu si wa kweli. Watanzania waliishi pamoja, wakalima pamoja, wakauza pamoja kwa hiari yao, kabla hawajaamriwa. Na vyombo vyao viwili bora kabisa vya kuishi pamoja vilivunjwa na serikali iliyosema inataka waishi pamoja. Chama cha Ruvuma mwaka 1969, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zao wakapewa mamlaka za mazao. Serikali za mitaa zilishaondolewa mwaka 1972. Mwalimu mwenyewe alipokaribia kung'atuka, mwaka 1984, alikiri kwenye mahojiano kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyarudia ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Namheshimu kwa kukiri. Ila sikuona akizungumzia malori pale.

Mtu atauliza, kwa nini watu hawakukataa? Wangekataa kwa kutumia nini? Tangu mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilikuwepo tangu 1962. Katiba haikuwa na sura ya haki za raia mpaka marekebisho ya mwaka 1984, na hata hizo haki hazikuweza kudaiwa mahakamani mpaka Machi 1988. Mwaka 1974 bibi na babu wasingekuwa na pa kwenda kushtaki hata wangekuwa na nauli.

Waliopata pa kwenda walikuja baadaye. Kuna baba na mwanawe wa Mbulumbulu, mkoani Arusha, ambao walipoteza ardhi yao ya kimila wakati wa operesheni. Mwaka 1987 wakafungua kesi, wakashinda, wakarudishiwa. Serikali ikaona wengi watafuata, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi kwenye vijiji vile, bila fidia, na kuzima kesi zote za namna hiyo. Wale watu hawakunyamaza. Wakaipeleka sheria yenyewe mahakamani. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba kama mali nyingine, na vifungu kadhaa vya ile sheria vikatupwa. Ni kesi ya Lohay Akonaay, wenzetu wa sheria wanaijua kama sala. Sisi wa ualimu hatuijui, na naona ilistahili kuwa kwenye historia ya Kidato cha Nne kuliko zile hoja tano tano.

Sikudanganyi kwamba mambo yalirudi kama zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa wakati wa operesheni, na nadhani ilikuwa busara, maana vizazi viwili walikuwa wameshajenga juu ya viwanja vile. Ukimfukuza aliyepo ili umrudishe aliyefukuzwa unakuwa umefanya operesheni nyingine.

Nirudi sasa kwa yule kijana wangu wa dawati la nyuma. Swali lake lilikuwa na sehemu mbili, na nadhani leo ningeweza kumjibu.

La kwanza: kama vijiji vilileta shule, kosa lilikuwa wapi? Jibu ni la bibi, si langu. Nilimuuliza hivyohivyo alivyoniuliza yeye. Bibi akasema, "Shule nilifurahi. Lori sikufurahi. Kwani lazima vije pamoja? Wangeijenga shule tungeifuata wenyewe, polepole. Mwenye majaruba angebaki kwenye majaruba." Tunapoandika mafanikio upande mmoja na kasoro upande mwingine, tunamfanya mwanafunzi aamini kwamba lori ndilo lililoleta shule, kwamba ukitaka kimoja lazima umeze kingine. Litowa walikuwa na shule na hakukuwa na lori.

La pili: mbona hata sisi tunalazimishwa kuja shule? Hili lilinisumbua zaidi kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa nikimlazimisha, ndiyo kazi niliyoichagua. Ningemwambia hivi: tunakulazimisha kwa sababu wewe ni mtoto, na tunakulazimisha kwa muda, ili siku moja uwe mtu ambaye hakuna anayeweza kumwamulia. Siku hiyo ikifika naweka chaki chini. Lakini bibi yangu mwaka 1974 hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu mzima aliyelea, aliyezika, aliyejua mvua inaanzia upande gani. Nchi nzima ilifanywa darasa, na darasa lile halikuwa na siku ya kuhitimu.

Ndiyo maana naogopa kidogo kazi yangu. Mwalimu mzuri huzoea kujua kuliko waliokaa mbele yake, na huzoea kwamba akisema kaeni, wanakaa. Mwalimu wetu mkubwa kuliko wote aliandika mwaka 1968 kwamba watu wajiamulie, na nina hakika alimaanisha. Miaka mitano baadaye alikuwa amechoka kusubiri. Sijui mimi nitachoka baada ya miaka mingapi.

Mchumi anasema nimekuwa mlibertaria nusu. Mimi nasema yeye ndiye ameanza kuwa mjamaa, maana sasa anaizungumzia Litowa kuliko Hayek, na jana kaniuliza kama bibi anapokea wageni.

Ombi langu kwenu wadau ni moja. Wengi wetu bado tuna bibi au babu aliyekuwa mtu mzima wakati wa operesheni, na hawatakuwepo milele. Likizo ijayo kaa naye, muulize alihama kutoka wapi, nani alimwambia, alikwenda kwa miguu au kwa lori, na aliacha nini. Kwa wengine kijiji kilikuwa neema na watakwambia hivyo, andika hivyohivyo. Na kama kuna niliyekosea, hasa nyie wa sheria na wa historia, nikosoeni bila huruma, nina TP nyingine mwakani.

Naomba kuwasilisha. Acha niende kaunta kuulizia bumu.